Mlio mzito haupatikani kwa kukata

Mteja akileta pikipiki ya Boxer au TVS HLX na kusema, "Fundi, nataka ilie nzito," kitu cha kwanza ambacho mafundi wengi hushika, Nakuru hadi Kisumu, ni grinda. Sailensa inapasuliwa kwa nyuma, sahani za ndani zinang'olewa, mkia unachomelewa tena. Kazi haimalizi hata saa moja. Pikipiki inatoka na kelele nyingi, lakini uzito haupo: mlio ni mkali, mkavu, na kila mwendeshaji akiachilia mafuta inapasuka-pasuka nyuma. Sisi tunaofanya kazi hii kila siku tumefikia msimamo mmoja, nao ni kwamba uzito wa mlio hupatikana kwa kuondoa sauti nyembamba. Kuongeza ukubwa wa kelele hakuuleti.

Sababu iko kwenye injini yenyewe. Injini ya silinda moja ya mipigo minne hulipua mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, inalipua mara 2,000, yaani kama mara 33 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti ya msingi, na ni nene kweli. Juu yake kuna sauti nyingine zinazopanda kwa ngazi, 66, 100, 133 na kuendelea, mpaka zile za maelfu zinazotokana na gesi inayofoka na bati linalotetemeka. Sikio la binadamu husikia kwa urahisi zaidi sauti za kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Ukifungua njia yote, zile nene na zile nyembamba zinatoka pamoja, na sikio linashika nyembamba. Ndiyo maana Boxer iliyokatwa sailensa hulia kwa ukali badala ya kunguruma.

Ndani ya sailensa kuna njia mbili za kupunguza sauti, na kila moja ina kazi yake. Vyumba na sahani hushughulika na sauti nene, kwa kurudisha mawimbi nyuma yakutane na kuuana. Pamba ya glasi iliyozunguka bomba lenye matundu hula sauti nyembamba. Sailensa ya kiwandani ya pikipiki za kazi hutegemea sana vyumba, kwa hiyo hunyamazisha ule uzito ambao mteja anautaka. Basi lengo ni kulegeza vyumba kidogo na kuongeza pamba. Kutoa vyumba vyote bila kuweka pamba ni kufanya kinyume chake.

Ila kabla ya kununua chuma chochote, tafuta mivujo. Pikipiki nyingi zinazoletwa "zibadilishwe ekzosi" zina gasketi iliyokufa pale bomba linapoingia kwenye silinda. Dalili ni masizi meusi kando ya flanji (sahani inayobana bomba kwenye silinda), sauti ya tik-tik injini ikiwa baridi, na milipuko ya nyuma ukishuka mlima mafuta yakiwa yamefungwa. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine shinikizo ndani ya bomba hushuka chini ya lile la nje, kwa hiyo pengo dogo huvuta hewa safi. Hewa hiyo inakutana na petroli ambayo haikuungua, joto lipo, inalipuka ndani ya bomba. Kukagua si kazi ngumu. Injini ikiwa baridi kabisa, washa, mwenzako azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa maji kwa sekunde chache tu, huku wewe ukipaka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu litakuonyesha. Injini ikiwaka zaidi ya dakika moja bomba litakuwa moto na sabuni haitasaidia tena.

Gasketi hiyo ni pete inayobonyezwa ikikazwa, na ikishabonyea haitumiki mara ya pili. Kila ukifungua bomba, weka mpya. Nati zake kwa pikipiki nyingi ni za stadi (skrubu zisizo na kichwa, zilizofungwa kwenye silinda) za milimita 6, spana namba 10. Zimeungua na kushikana na kutu, kwa hiyo zipake mafuta ya kupenya jioni na uzifungue asubuhi. Zikaze kidogo kwanza, usikie zimeachia, ndipo uzilegeze. Stadi ikikatikia ndani ya kichwa cha silinda usikimbilie kuitoboa, maana kichwa ni cha aluminiamu na drili hukimbilia upande ulio laini. Chomelea nati juu ya kisiki kilichobaki, acha kipoe, kisha zungusha polepole. Unaporudisha, paka grisi ya shaba na ukaze nati mbili kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, mpaka kama Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana fupi inatosha. Ukikaza upande mmoja wote kwanza, flanji inakaa mshazari na uvujaji unarudi wiki ileile.

Mara nyingi kazi huishia hapo. Mivujo ikizibwa, kinga ya joto iliyolegea ikikazwa, na klampu ikibadilishwa, mteja anasikia mlio mwingine kabisa na hahitaji tena sailensa mpya. Mwambie hivyo, hata kama ulikuwa umeshapiga hesabu ya kazi kubwa.

Kwa anayetaka kubadilisha kweli, kuna zile sailensa fupi zinazouzwa zikiwa tayari. Tatizo la kwanza ni mdomo. Nyingi zimetengenezwa kwa bomba la milimita 51, saizi ya pikipiki kubwa, na bomba la injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 ni jembamba sana kuliko hapo. Lipime kwa vernia, usikadirie kwa jicho. Fundi wa haraka huweka pete ya bati bapa kuziba tofauti hiyo. Gesi inagonga ukuta huo na kuzunguka ovyo, na pete yenyewe hupasuka kwenye weldi kwa sababu ya mtikisiko. Tengeneza koni: kutoka 32 hadi 51 ndani ya urefu wa milimita 90 hivi, ili mteremko uwe mpole. Tatizo la pili ni pamba. Fungua sailensa hiyo kabla ya kuifunga, kwa sababu aghalabu utakuta pamba kiduchu iliyorundikana upande mmoja. Na kile kizibo cha ndani kinachofungwa kwa skrubu moja kwenye mdomo wa nyuma, kiache mahali pake. Wateja hukitoa siku ya kwanza, na mlio hugeuka kuwa uleule wa ekzosi iliyokatwa.

Tunapenda zaidi kutengeneza wenyewe, kwa sababu hapo vipimo vyote viko mkononi mwako. Kanuni ya kuanzia ni kwamba ujazo wa sailensa usipungue mara kumi ya ujazo wa silinda. Kwa Boxer ya 150, ambayo kwa hakika ni sentimita za ujazo 144.8, hiyo ni kama lita moja na nusu. Ganda lenye upenyo wa ndani wa milimita 90 na urefu wa 380 hukupa lita 2.4, nafasi ya kutosha. Tumia bati la geji 18, yaani milimita 1.2. Geji 20 ni rahisi kukunja lakini hutetemeka na kuongeza sauti yake ya bati juu ya mlio. Ligonge kwa kidole kabla ya kulijaza: likiendelea kulia kwa muda, litalia pia barabarani, na dawa yake ni kuongeza mkanda wa bati la pili katikati.

Ndani, gawa ganda sehemu mbili kwa sahani ya milimita 1.5 au 2. Milimita 80 za mbele ni chumba kitupu, na bomba la kuingilia liingie humo kama milimita 40, si kuishia ukutani. Chumba hiki hupunguza makali ya mlipuko bila kuua uzito. Milimita 300 zilizobaki ni za bomba lenye matundu na pamba. Bomba hilo liwe la milimita 32 kwa nje, ukuta 1.2. Matundu ya milimita 4, kati ya tundu na tundu milimita 6.5 kutoka kitovu hadi kitovu, huacha karibu asilimia 30 ya uso wa bomba wazi. Hapo pamba inafanya kazi. Ukifanya hesabu, ni matundu 15 kuzunguka na mistari 46 kwa urefu, jumla 690. Ni kazi ya kuchosha, na ndipo watu hufupisha kwa kutoboa hamsini au sitini makubwa kwa umeme wa kuchomelea. Yakiwa machache, sauti nyembamba inapita bila kugusa pamba. Yakiwa makubwa, gesi inanyofoa pamba na kuitapika nje. Ukipata bati ambalo tayari lina matundu, likunje liwe bomba na uchomelee mshono, utaokoa nusu siku. Katika soko la Kibuye, Kisumu, mwenye subira ya kupekua vyuma chakavu hulipata.

Pamba ndiyo roho ya mlio, na ndiyo inayochezewa zaidi. Nafasi iliyobaki kati ya bomba na ganda hapo ni kama lita 1.7. Gramu 100 hadi 120 kwa kila lita zinatosha, kwa hiyo unahitaji gramu 170 hadi 200 hivi. Ipime kwenye mizani ya duka. Ikisongwa sana inakuwa ukuta na mawimbi yanarudi. Ikiwa kidogo inatikisika, inasagika na kutoka na moshi. Kwanza zungushia bomba tabaka la nyuzi za chuma cha pua, unene wa milimita 5 hivi, ili zipokee moto na mkondo wa gesi, kisha pamba ya glasi juu yake. Nyuzi za kawaida za kusugulia sufuria huoza kwa kutu na kusambaa haraka, zisitumike. Sponji ya sofa na matambara ya zamani tumeyakuta ndani ya sailensa za watu, na yote huungua na kunuka. Unapoishika pamba ya glasi vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, maana vumbi lake huingia kwenye ngozi na kifua.

Mkia wa nyuma usiwe mwembamba kuliko bomba la mbele kwa ndani, na pia usiwe mpana ili kupendeza tu. Mkia mpana huinua ukali wa mlio. Kukiwa na mvumo unaokera kwa kasi moja tu, ukatoweka ukipita kasi hiyo, ongeza au punguza urefu wa mkia sentimita 3 hadi 5. Mvumo huo utahamia kasi nyingine ambayo huitumii sana. Chini kabisa ya ganda toboa kitundu cha milimita 3. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na boda ya safari fupi za mjini haipati joto la kutosha kuyakausha yote. Kando ya ziwa, sailensa isiyo na kitundu hicho huoza kuanzia ndani.

Kuchomelea bati jembamba kwa fimbo ya milimita 2.5 ni kutoboa matundu ambayo hukuyapanga. Tumia fimbo ya 2.0 kwenye ampea 45 hadi 60, au gesi kama ipo. Shika sehemu nne kwa nukta ukiwa umeipimia kwenye pikipiki, kisha itoe kabisa uimalizie mezani. Hata kwa hizo nukta nne, chomoa betri na plagi za waya za CDI (kisanduku cha umeme kinachowasha cheche), na waya wa ardhi ubane kwenye bomba lenyewe karibu na weldi, kusudi umeme usipite kwenye bearingi za injini. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki tusiyachomelee kabisa. Moshi wake huleta homa na kutetemeka jioni ileile, na fundi hudhani ni malaria.

Pikipiki za injection, zisizo na kabureta, zina sensa ya oksijeni kwenye bomba la mbele. Sensa hiyo isihamishwe, na mvujo wowote kabla yake huidanganya kompyuta ya injini.

Urefu wa bomba la mbele usiuguse. Kila mlipuko hutuma wimbi la shinikizo, nalo likifika palipopanuka hurudi likiwa la mvuto, na likirudi kwa wakati husaidia kuitoa gesi iliyobaki kwenye silinda. Kiwanda kimeupanga urefu huo kwa nguvu za chini, zile unazohitaji ukiwa na abiria wawili na gunia la mahindi. Ukilifupisha kwa sentimita 20, nguvu inahamia mizunguko ya juu ambayo boda haifiki. Ndipo mtu anasema ekzosi mpya "imekula nguvu". Kama sailensa yako ni fupi kuliko ya zamani, ongeza bomba la kati.

Ufungaji nao una mpangilio wake. Shika nati za flanji kwa vidole tu, ingiza boliti ya nyuma kwenye bushi yake ya raba, kisha kaza flanji, mwisho kaza nyuma. Kama inakubidi kuvuta sailensa kwa nguvu ili tundu lilingane, acha, rekebisha kishikio. Chuma kilichofungwa kikiwa kimevutwa hupasuka kwenye weldi. Mkalishe mtu mzito nyuma uhakikishe kuna nafasi ya kama milimita 20 kutoka mkono wa gurudumu, na mguu wa abiria haufiki kwenye chuma cha moto. Kinga ya joto ni lazima kwa boda. Makovu upande wa ndani wa mashavu ya miguu ya abiria tunayaona kila siku.

Sasa mafuta. Sailensa inayopitisha gesi kwa urahisi huifanya injini ivute hewa zaidi, na kabureta ikibaki vilevile mchanganyiko unapungukiwa petroli. Dalili zake: ukiachilia mafuta mizunguko inachelewa kushuka, inasita ukivuta ghafla, na plagi ya cheche inatoka nyeupe. Anza na skrubu ya hewa kwa robo mzunguko. Ikiwa iko upande wa injini, kuifungua huongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio, kuifungua huongeza hewa. Mafundi wengi hukosea hapo kwa kudhani kabureta zote ni sawa. Kama sindano ya kabureta ina mifereji ya klipu, shusha klipu ngazi moja, sindano ipande. Jeti kuu, yaani kitundu kinachopimia petroli, iwe ya mwisho, na kwa hatua moja tu.

Hapa kanda yetu ina jambo lake. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret kama 2,100, na Timboroa inapita 2,700. Hewa hupungua uzito kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kabureta ileile huwa na petroli nyingi kadiri unavyopanda. Sailensa ya vipimo hivi ikifungwa Nakuru, kwa kawaida jeti kuu haibadilishwi, kwa kuwa mwinuko umeshajazia ile petroli iliyopungua. Kisumu huenda ukahitaji hatua moja. Na pikipiki iliyoongezewa jeti Kisumu ikihamia Eldoret itatoa moshi mweusi na kulamba petroli, na lawama zitaiangukia ekzosi bure.

Ijaribu kwa mzigo. Kuvuta mafuta ikiwa imesimama kwenye stendi hakukuambii kitu. Panda kutoka Mamboleo, Kisumu, kuelekea Kiboswa, au kutoka Nakuru upande wa Mau Summit, ukiwa na abiria, mafuta robo tatu kwa kilomita tatu hivi, kisha shika klachi, zima palepale, ufungue plagi. Kahawia ya maziwa ni nzuri, nyeupe ni hatari kwa pistoni, masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Kupima kelele weka simu yenye programu ya desibeli nusu mita kutoka mdomo wa nyuma, kwa pembe ya digrii 45, kabla na baada ya kazi. Simu si kipimo cha mahakamani lakini tofauti utaiona. Programu inayochora masafa ya sauti itakupa hata mizunguko: zidisha namba ya msingi kwa 120.

Pikipiki ikipanda desibeli 10, sikio husikia kelele kama imekuwa maradufu. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwa 100 ni dakika 15. Mwendeshaji wa boda hukaa juu ya mlio huo kutwa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zake zinadai sailensa inayofanya kazi, na kuna Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Lakini hata pasipokuwa na polisi, barabara ya Kondele, Kisumu, inapita mbele ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi, na waliolazwa mle hawana pa kuhamia. Tukiona vipimo vimepanda zaidi ya desibeli tatu au nne kuliko sailensa ya kiwandani, tunarudi kwenye pamba na mkia kabla ya kumkabidhi mteja.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, injini ikiwa imepoa, kaza tena nati za flanji, kwa sababu gasketi mpya hulala kidogo. Kifuniko cha nyuma kifunge kwa boliti au riveti, kisichomelewe, kwa kuwa pamba huisha. Kwa boda ya kazi ikague kila kilomita 8,000 hivi. Ganda likianza kubadilika rangi sehemu moja, pamba ya hapo imekwisha. Na ile sailensa ya zamani mwambie mteja asiiuze kwa chuma chakavu: aitoe maji, aipake oili, aifunge kwenye gunia kavu, maana anayekuja kuinunua pikipiki huuliza kwanza kama ya kiwandani ipo.